Kununua Dengu, Adesi na Mchele India kwa Makontena: Mwongozo Kamili

Miaka kadhaa nyuma mteja wa Nairobi aliniagiza nimtafutie kontena moja la ndengu kutoka India. Mimi mtu wa Dar, nikasikia dengu, nikaanza kupiga simu Indore, mji wa soko la dengu huko India. Siku tatu nzima tulivutana bei ya zile nyeupe kubwa, mpaka aliponiomba picha. Nikamtumia. Akajibu neno moja tu: "Hizi?" Kumbe kwao ndengu ni choroko. Angekuwa wa Mombasa angesema pojo, tungeelewana mapema. Tulicheka, lakini kama amana ingekuwa imeshatumwa asingecheka mtu.

Basi tuanzie hapo hapo.

Kubalianeni jina kabla ya bei

Muuzaji wa India hana habari na majina yetu, na majina yake hayafiki hata kumi na tano, kwa hiyo wewe ndiye wa kujifunza. Chana ni dengu, nazo ni za aina mbili: desi, ndogo za kahawia zenye kikona, na kabuli, zile nyeupe kubwa. Desi ikikobolewa na kupasuliwa inaitwa chana dal, ikisagwa ndiyo besan, unga wa bajia. Moong ni choroko, na urad ni ndugu yake mweusi. Tur, wengine husema arhar, ni mbaazi. Masoor ni adesi. Neno dal kwa mfanyabiashara wa huko ni punje iliyopasuliwa. Ukitaka nzima sema sabut. Upande wa nafaka, bajra ni uwele, jowar ni mtama, ragi ni ulezi (Kenya wimbi).

Kando ya jina andika namba ya forodha. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile dunia nzima: 0713.20 ni dengu, 0713.31 ni choroko pamoja na urad, 0713.40 adesi, 0713.60 mbaazi, 1006.30 mchele, 1006.40 chenga za mchele. Namba haina lahaja. Nairobi, Dar, Muscat na Mumbai wataisoma sawasawa.

India inauza nini hasa?

Wengi hudhani kwa kuwa India inalima mikunde kuliko nchi yoyote, basi kila mkunde kule ni wa bei rahisi. India ndiyo mlimaji mkubwa, ndiyo mlaji mkubwa, na ndiyo mnunuzi mkubwa pia. Mbaazi wanazinunua Msumbiji, Tanzania, Malawi na Myanmar. Urad wanaitoa Myanmar. Adesi zinatoka Canada na Australia. Mkulima wa Mtwara au Lindi hahitaji kufundishwa hili: Agosti 2017 Delhi, yaani serikali ya India, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao, na bei kwetu ikaanguka mpaka watu wakaacha mbaazi zikaukia shambani.

Kwa hiyo kwenda India kununua mbaazi nzima ni kuchota maji kisimani ukamwage baharini. Vitu vinavyolipa kununuliwa huko ni hivi: dengu za kabuli, mchele wa kila daraja, na dal iliyopita kiwandani kwa ajili ya maduka yenye wateja wa Kihindi, Kiarabu na Kisomali. Kwenye mchele hawana mpinzani wa karibu. Takriban asilimia 40 ya mchele unaouzwa kati ya nchi na nchi duniani hutoka kwao.

Adesi nyekundu zilizopasuliwa utazikuta nazo kwenye orodha za wauzaji. Uliza zimelimwa wapi. Mara nyingi ni za Canada zilizokobolewa India, na hilo si kosa, ila cheti cha asili na cheti cha afya ya mimea lazima viseme ukweli, maana mkaguzi wa bandarini kwako atakuuliza wewe, hatampigia mwenye kiwanda.

Mlango wa Delhi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanunuzi wengi hujifunza somo hili kwa hasara. Nchi inayokula kile inachokuuzia ina haki ya kufunga mlango siku bei ya sokoni kwao inapopanda, na India huutumia huo uwezo bila aibu. Kuanzia 2006 hadi 2017 kuuza mikunde nje kulipigwa marufuku, isipokuwa vitu vichache kama kabuli. Mei 2022 ngano ikafungwa. Septemba mwaka huo huo chenga za mchele zikafungwa. Tarehe 20 Julai 2023 ikawa zamu ya mchele mweupe usio basmati, na mwezi uliofuata mchele wa kuchemshwa ukawekewa ushuru wa asilimia 20 wa kutoka nje. Mlango wa mchele mweupe ulifunguliwa tena mwishoni mwa Septemba 2024, kwanza kwa sharti la bei isiyopungua dola 490 kwa tani, na sharti hilo nalo likaondolewa mwezi mmoja baadaye. Chenga zilisubiri mpaka Machi 2025.

Jamaa yangu mmoja alikuwa na mchele Kakinada, bandari ya India, wakati wa lile tangazo la Julai 2023. Umelipiwa asilimia 30, umefungwa kwenye magunia yenye nembo yake, uko ghalani. Tangazo liliruhusu mizigo iliyokuwa imeshaanza kupakiwa melini kabla ya siku hiyo. Wake ulikuwa haujatoka ghalani. Muuzaji hakumdhulumu, alimrudishia pesa kwa mafungu ya miezi minane, lakini wateja wake wa jumla hawakumngoja miezi minane.

Hatua za kufanya ni hizi. Kabla ya kutuma amana, soma matangazo ya DGFT, kurugenzi ya biashara ya nje ya India. Yapo wazi kwenye tovuti yao, na kila bidhaa imeandikwa ni huru, ina masharti, au imezuiwa. Usitegemee neno la muuzaji kwamba "hakuna shida, bhai". Pili, weka kwenye mkataba kifungu kinachosema: serikali ikizuia au ikiongeza ushuru kabla ya mzigo kupakiwa, amana inarudi yote ndani ya siku kadhaa mlizokubaliana, na ushuru mpya haumwangukii mnunuzi bila ridhaa yake. Tatu, fupisha muda. Mkataba wa kupakia ndani ya siku 20 una hatari ndogo kuliko wa siku 60, hata kama ule wa siku 60 una dola 10 pungufu. Na ukisikia mvua za masika ya India zimechelewa kufika Kerala, jimbo la kusini, ambako huingia karibu na tarehe 1 Juni, au uchaguzi unakaribia na bei ya dal imekuwa habari ya magazeti, usiahidi mtu mzigo ambao bado uko upande wao.

Msimu na mahali

India ina misimu miwili mikuu. Rabi hupandwa Oktoba na Novemba na kuvunwa karibu Februari hadi Aprili: hapo ndipo dengu, adesi na ngano hutoka. Kharif hupandwa mvua zinapoanza na kuvunwa kuanzia Septemba: mpunga, choroko, urad, uwele, mahindi. Mbaazi hupandwa na kharif lakini hukaa shambani muda mrefu, zikaingia sokoni kuanzia Desemba.

Kabuli nenda Madhya Pradesh, na soko lake ni Indore, ambako utasikia zikiitwa dollar chana. Mbaazi na dal yake ni Kalaburagi huko Karnataka, na Latur na Akola huko Maharashtra. Basmati ni Punjab na Haryana, miji kama Karnal na Kaithal. Mchele wa kawaida, hasa ule wa kuchemshwa unaoliwa sana Afrika Magharibi na Somalia, hutoka Andhra Pradesh, Chhattisgarh na majirani zake, na bandari yake ni Kakinada.

Bandari inabadilisha hesabu. Mzigo wa Indore au Haryana hutokea Mundra, Kandla au Nhava Sheva, pwani ya magharibi inayotazamana na sisi. Mundra iko Kachi, kule kule majahazi yalikotoka na kaskazi kuja Lamu, Mombasa na Unguja. Mzigo wa Kakinada uko pwani ya mashariki, lazima meli izunguke kusini. Bei ya kiwandani inaweza kuwa ndogo na bado mzigo ukafika kwako ghali.

Jambo moja ambalo wageni hulisahau: Diwali. Huangukia Oktoba au Novemba, na wapakiaji wengi hurudi vijijini kwao. Kiwanda kitakwambia kinafunga siku tatu, hesabu kumi.

Kumpata muuzaji, na kumpekua

Mandi ni soko la mnada la mazao lililo chini ya kamati ya serikali ya jimbo. Ukipata nafasi fika asubuhi kwenye mandi ya Sanyogitaganj pale Indore. Wanunuzi huenda kundi zima, lundo kwa lundo, mmoja anachota kiganja, anapuliza vumbi, anang'ata punje moja, bei inapanda kwa kelele mpaka mnadi anapofunga. Mwenye lundo kaegemea trekta yake anasikiliza. Wewe mgeni huwezi kununua pale. Kuna arhatiya, wakala mwenye leseni, anayekatwa kamisheni yake, na kuna ushuru wa mandi. Lakini ukikaa hapo saa mbili utajua bei ya kweli ya siku hiyo, na jioni mwenye kiwanda akikutajia bei yake utajua ameongeza kiasi gani.

Chagua kati ya kiwanda chenyewe na kampuni ya kuuza nje. Kiwanda ni rahisi zaidi, ila vingi havina uzoefu wa hati za Afrika Mashariki. Kampuni inajua hati lakini inanunua kwa huyo huyo mwenye kiwanda. Kwa kontena la kwanza mimi huchukua kampuni inayomiliki kiwanda, hata ikiwa ndogo.

Kupekua hakuna siri. Omba namba ya IEC, ambayo bila hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kuuza nje ya India, kisha ihakiki kwenye tovuti ya DGFT. Omba namba ya GST (kodi ya mauzo ya huko), usajili wa APEDA (mamlaka ya India ya kuuza mazao nje) na leseni ya chakula ya FSSAI yenye tarakimu 14. Sasa fanya hivi: namba ya GST ina herufi na tarakimu 15. Mbili za mwanzo ni jimbo (23 ni Madhya Pradesh, 24 Gujarat, 27 Maharashtra). Kumi zinazofuata ni namba ya kodi ya kampuni, iitwayo PAN. Kampuni iliyosajiliwa miaka ya karibuni, IEC yake ni hiyo hiyo PAN. Kwa hiyo futa mbili za mbele na tatu za nyuma kwenye GST. Kilichobaki kifanane na IEC. Kampuni za zamani bado zina IEC ya tarakimu tupu, hizo zihakiki kwa jina. Akikutumia cheti cha Gujarat na kiwanda anakuonyesha cha Indore, muulize kwa upole ni kwa nini. Pengine ana jibu zuri.

Kisha omba nakala ya hati za meli za mizigo aliyopeleka Mombasa au Dar, afiche majina ya wateja kama anataka. Asiye nazo huenda ni mwaminifu, lakini atajifunza kwa pesa yako.

Sampuli: mzani, sahani na sufuria

Usikubali sampuli iliyochaguliwa kwa mkono ya gramu 200. Omba kilo 2 kutoka kwenye mzigo wenyewe, zigawanywe mara tatu, zifungwe kwa lakiri: moja kwako, moja kwake, moja kwa mkaguzi.

Kabuli huuzwa kwa ukubwa, na ukubwa hupimwa kwa idadi ya punje katika aunsi moja, yaani gramu 28 na kitu. Zinazoitwa 42/44 ni za milimita 12, za bei ya juu. 58/60 ni kama milimita 9, ndizo zinazokwenda sana madukani. 75/80 ni ndogo zaidi. Chukua mzani wa jikoni wa dijitali, pima gramu 28, mwaga kwenye sahani nyeupe, hesabu. Ukipata 59, sawa. Ukipata 68 kwenye mfuko ulioandikwa 58/60, hesabu tena kutoka pembe nyingine ya sampuli. Ikirudi 66, mwenzako amechanganya saizi mbili, na tofauti ya bei umeibeba wewe.

Kwenye sahani hiyo hiyo tenga kwa kidole: zilizopasuka, zilizotobolewa na fukusi (tundu la duara, safi kama la sindano), za kijani ambazo hazikukomaa, zilizokunjamana, mawe na majani. Pima kila kifungu kwa gramu, ugawanye kwa uzito wa sampuli. Hizo asilimia ndizo zitakazoingia mkatabani.

Halafu chemsha, maana mashine haijui kula. Loweka gramu 100 usiku kucha. Dengu za msimu mpya asubuhi hukaribia gramu 200. Zilizokaa ghalani miaka huwa zimeanza kugeuka rangi kuelekea kahawia, hunywa maji kidogo, na ukizipika saa nzima bado zinagonga meno. Mama lishe wa Kariakoo atazirudisha siku hiyo hiyo, na atakuwa na haki. Ajabu ni kwamba mchele wa basmati ni kinyume: uliokaa mwaka mmoja au zaidi hurefuka vizuri na haushikani, ndiyo maana wapishi wa biriani huulizia mkongwe. Dengu kongwe ni balaa, basmati kongwe ni fahari.

Kwenye mchele taja: aina (mfano IR64, Sona Masoori, 1121), mweupe au wa kuchemshwa ambao wao huuita sella, chenga kwa asilimia (5, 25, au 100), unyevu usiozidi 14, na kama umepita soteksi, mashine inayotoa punje nyeusi kwa kamera. Neno basmati lina mipaka ya kisheria: tangu 2016 linalindwa kwa eneo la asili, nalo linahusu maeneo ya chini ya Himalaya kama Punjab, Haryana na sehemu za Uttar Pradesh. Mchele wa Madhya Pradesh unaweza kunukia na kurefuka vizuri kabisa, ila kwa jina hilo hautauzwa. Na kama wateja wako wako Ulaya, taja dawa ya tricyclazole: kikomo chao ni miligramu 0.01 kwa kilo, na basmati nyingi zimekwama kwa ajili yake.

Kwenye dal iliyopasuliwa nina masharti mawili nisiyoyalegeza. La kwanza, isiwe na rangi ya kuongezwa wala mafuta ya kung'arishia, isipokuwa mteja mwenyewe amesema anataka ya mafuta. La pili, khesari iwe sifuri. Khesari ni mkunde wa bei ya chini unaofanana na chana dal na mbaazi zilizopasuliwa, vipande vyake vina pembe kama za shoka dogo, na ukiliwa kwa wingi kwa muda mrefu hupoozesha miguu. India ilizuia uuzaji wake 1961, lakini mimea haisomi sheria.

Kwa soko la Afrika Mashariki ongeza kipimo cha sumukuvu: jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na aina ya B1 isizidi 5.

Kupiga hesabu ya bei

Wahindi huhesabu kwa kwintali, kilo 100, na kwa laki. Laki ni yetu pia. Tuliichukua kwao pamoja na gunia na bima, kwa hiyo nusu ya msamiati wa kazi hii unao tayari. Karori ni laki mia, yaani milioni 10.

Tuseme mwenye kiwanda amekutajia rupia 9,000 kwa kwintali, safi, imeshachaguliwa. Tani ni rupia 90,000. Kwa rupia 85 kwa dola, hiyo ni kama dola 1,059. Ongeza magunia, lori mpaka bandarini, wakala, ufukizaji na gharama za bandari: tuseme dola 45. Una bei ya FOB, yaani mzigo ukiwa umeshapakiwa melini India, ya 1,104. Kontena la futi 20 linabeba tani 24 za dengu bila wasiwasi, magunia 480 ya kilo 50 au 960 ya kilo 25. Meli ikikutoza dola 1,200 kwa kontena, ni dola 50 kwa tani. Bima juu yake. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu, usizipeleke sokoni.

Bei ikiwa ya mandi na si ya kiwandani, kumbuka kilo 100 haziondoki kilo 100. Mawe, vumbi na punje mbovu vinabaki mashineni, na lazima viingie kwenye hesabu. Bei kiduchu kuliko mandi ya siku hiyo si bahati. Kwa dengu za desi na adesi angalia pia bei ya chini ambayo serikali hutangaza kila msimu. Kwa chana ya msimu wa 2025/26 ilikuwa rupia 5,650 kwa kwintali. Atakayekuuzia chini sana ya hapo akueleze alizipata wapi.

Mimi hununua kwa FOB nikishakuwa na wakala wangu wa meli, na kwa CIF, bei yenye nauli ya meli na bima ndani yake, nikiwa mgeni na njia. Ukichukua CIF, mwulize siku za bure za kontena bandarini kwako. Siku 7 na siku 14 zinaonekana ndogo kwenye karatasi, mpaka siku karatasi moja inapochelewa na dimareji, tozo ya kuchelewesha kontena, inaanza kukimbia kila asubuhi.

Pesa

Njia ya kawaida ni asilimia 20 au 30 mbele, iliyobaki ukishaona nakala ya hati ya shehena, ile BL. Kwa mara ya kwanza na kiasi kikubwa, tumia LC, ambapo benki yako inaahidi kulipa ikipokea hati zilizokubaliwa. Ila elewa: benki inatazama karatasi, haitazami dengu. Kwa hiyo kwenye orodha ya hati zinazotakiwa weka cheti cha mkaguzi huru, kikitaja vipimo vyako kimoja kimoja. Na jina la kampuni yako liandikwe herufi kwa herufi. Nukta iliyosahaulika baada ya neno "Ltd" imewahi kunicheleweshea hati siku tisa.

Tangu 2023 benki za Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa zilizoruhusiwa kufungua akaunti maalumu za rupia India. Uliza benki yako kama inafanya; ukilipa kwa rupia unakwepa kubadilisha mara mbili.

Sasa wizi. Niliwahi kupokea barua pepe yenye nembo ya muuzaji wangu, sahihi yake, mpaka utani wake wa kawaida, ikisema akaunti yao iko kwenye ukaguzi, nitume salio kwenye akaunti nyingine. Anwani ilikuwa sawasawa isipokuwa herufi mbili za "rn" mahali pa "m". Mtu alikuwa amekaa ndani ya barua zetu akisoma kwa wiki kadhaa. Kanuni yangu tangu siku hiyo: akaunti haibadiliki katikati ya mzigo, na ikibadilika napiga simu kwa namba ya zamani, nasikia sauti ninayoijua. Jina la mwenye akaunti lazima liwe lile lililoko kwenye IEC.

Kibali kwanza, kupakia baadaye

Kabla mzigo haujafungwa omba kibali cha kuingiza mazao kwa mamlaka ya afya ya mimea: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Kibali kina masharti ya wadudu na dawa, na cheti cha afya ya mimea cha India kinatakiwa kuyajibu masharti hayo kwa maneno yake. Ukianza na kupakia, utakuwa unatafuta kibali cha kufanana na cheti, na hapo ndipo watu hulia. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya nchi hizo mbili, nao wana utaratibu wa ukaguzi wa ubora kabla mzigo haujatoka nchi ya asili. Weka miadi mapema. Kwa mchele tazama ushuru: ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kubwa kati ya hizo, na Kenya kwa muda mrefu imekuwa na nafuu yake ya asilimia 35 au dola 200. Muulize wakala wako wa forodha kiwango cha mwaka huu wa fedha kabla hujauza mchele ambao haujafika.

Siku ya kupakia mkaguzi wako awepo, hata kama unamlipa. Aingie ndani ya kontena tupu mlango ufungwe: akiona mwanga kwenye ukuta, kontena hilo lina tundu. Anuse, kontena lililobeba ngozi au kemikali halibebi chakula. Atazame nyufa za sakafu, ambako buu la khapra linaweza kujificha muda mrefu bila kula, na mdudu huyo akionekana bandarini kwako mzigo wote una kesi. Kuta zipigwe karatasi ngumu ya kahawia, na vining'inizwe vifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu kontena hutoka jasho: mchana bati linachemka, usiku linapoa, mvuke unadondoka juu ya magunia. Mzigo unaopakiwa Mundra mwezi wa Julai, mvua ikinyesha, bila karatasi hiyo, hufika na safu ya juu yenye ukungu wa kijivu na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo.

Ufukizaji mara nyingi hufanywa kwa vidonge vya fosfini. Gesi hiyo huua fukusi na huua watu vile vile. Kontena likifika, fungua milango yote, watu wakae mbali, liachwe lipigwe upepo vya kutosha kabla kuli yeyote hajapanda. Mabaki ya vidonge yasiguswe kwa mkono mtupu wala kutupwa jalalani.

Hati za kudai ni ankara, orodha ya upakiaji, BL, cheti cha asili, cheti cha afya ya mimea, cheti cha ufukizaji, cheti cha mkaguzi chenye uzito na ubora, na bima kama ni CIF. Idadi ya magunia, uzito, namba ya kontena na ya lakiri zifanane kwenye zote. Zisome mwenyewe kwenye nakala kabla hazijachapishwa rasmi. Kurekebisha rasimu ni bure, kurekebisha BL iliyotoka ni pesa na siku.

Kontena likifunguliwa

Piga picha lakiri kabla haijakatwa, namba ionekane. Piga tena mlango ukifunguka, na magunia ya mbele, ya katikati na ya nyuma kadiri yanavyoshuka. Pima magunia 20 ya kuokota hapa na pale. Toboa kila la kumi, changanya unachopata, rudia lile zoezi la sahani: gramu 28, hesabu.

Ikiwa kuna kasoro, siku zako za kudai zimeshaanza kuhesabika tangu mzigo ulipofika, na mikataba mingi hutoa siku chache tu. Andika siku hiyo hiyo, ukiambatanisha picha na vipimo, na umwite mkaguzi wa tatu afungue sampuli ile iliyokaa kwake na lakiri. Wauzaji wengi wazuri wakiona hivyo hukata kiasi kwenye mzigo unaofuata badala ya kubishana. Mimi hukubali, mradi iandikwe kwenye profoma mpya, ile ankara ya awali. Sampuli yangu mwenyewe naiweka kabatini, jina la mzigo na tarehe juu yake, mpaka gunia la mwisho litoke dukani na aliyelinunua apike, ale, anyamaze.